Jinsi ya Kufunga Pingu ya Kamba Mkononi Bila Kumuumiza Mwenzako

Huu ni mchezo wa kimapenzi wa watu wazima wawili walioridhiana, na wasiwe wamelewa. Kabla ya kushika kamba, semeni wazi lipi linaruhusiwa na lipi haliruhusiwi, kisha chagueni neno la kusimamisha. "Nyekundu" linatosha. Likitamkwa, kamba inafunguliwa bila mjadala.

Kamba nyingi zinazouzwa kwa ajili ya uvuvi hapa Mwanza ni za nailoni au plastiki. Ziache. Zinateleza, fundo linalegea lenyewe, na zikivutwa haraka zinaunguza ngozi. Katani nayo inachoma. Tafuta kamba laini ya pamba iliyosukwa, unene milimita 6 hadi 8, urefu mita 5. Nyembamba kuliko hapo inakata. Weka karibu mkasi wa huduma ya kwanza, ule wenye ncha butu, na uujaribu kwanza kwenye kipande cha kamba hiyohiyo. Mikasi ya karatasi huishia kuitafuna tu.

1. Mwenzako avue saa na bangili. Kunja kamba katikati, shika kikunjo.

2. Zungusha mara 2 juu kidogo ya kifundo cha mkono, ukibakiza kikunjo cha sentimita 15 hivi. Mistari 4 ya kamba ilale sambamba. Mstari uliopanda juu ya mwingine huelemea sehemu moja, na hapo ndipo panapoumia.

3. Ingiza vidole vyako viwili chini ya kamba, uviache humo hadi umalize fundo.

4. Pitisha kikunjo juu ya mkia mrefu, yaani kamba yote iliyobaki, kisha kiingie chini ya mizunguko yote, kati ya kamba na ngozi, kitokee upande wa pili. Wengi huharibu hapa: wakishika mzunguko mmoja tu, pingu inajikaza kila mkono unapovutwa.

5. Funga mara ya pili ukirudi ulikotoka, kikunjo kikiwa tena juu ya mkia. Kikipita chini, fundo litateleza. Likae upande wa mgongo wa mkono, mbali na upande wa ndani na wa dole gumba, maana huko neva zipo karibu na ngozi.

6. Vuta mkia. Pingu ikibana zaidi, fungua uanze upya.

Fundo hili ni la kuzuia, si la kubeba uzito. Usimning'inize mtu, usipitishe kamba shingoni, na usimwache peke yake hata ukiitwa mlangoni.

Kila baada ya dakika chache mwambie akubane kidole na kuinua dole gumba. Ganzi, kuchomachoma, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi: fungua papo hapo. Usisubiri rangi ibadilike, neva huweza kuumia vidole vikiwa bado na rangi yake. Siku za joto jasho hulowanisha pamba na fundo hugoma, likigoma, kata. Kamba inanunulika tena.

Ganzi ikibaki, au dole gumba likishindwa kuinuka baada ya kufunguliwa, nendeni hospitali. Mwambieni daktari kwamba ni kamba, na ilikaa muda gani. Bila hilo atahangaika kutafuta chanzo kwingine.