Umepata uraia wa Australia na hutaki kupiga kura? Soma kabla barua haijafika

Mwezi Mei 2022 sheria ilinitaka nijipange foleni hapa Melbourne nimchague mbunge ambaye hata jina nililisomea palepale kwenye karatasi. Miezi mitatu baadaye Kenya ikafanya uchaguzi wake, na Wakenya wa ughaibuni wakawekewa vituo katika nchi 12 tu, Australia ikiwa haimo. Ninakotaka kupiga kura sina kituo, na nisikotaka nina faini.

Kwanza tujue nani anahusika. Kama una ukaazi wa kudumu tu, hili si lako, na usijiandikishe kwa sababu rafiki kakwambia. Ukishakula kiapo cha uraia na umri umetimia miaka 18, kujiandikisha ni lazima na kupiga kura ni lazima. Uchaguzi wa taifa ukikupita, tume ya uchaguzi hukuandikia barua ujieleze, na bila sababu ya kutosha faini ni dola 20. Majimbo yana viwango vyao na huwa vikali zaidi. New South Wales, jimbo la Sydney, ni dola 55.

Sheria hii ni ya mwaka 1924. Katika uchaguzi wa 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Uchaguzi wa 1925, wa kwanza chini ya sheria mpya, wakavuka 90. Wanaoitetea huanzia kwenye tarakimu hizo, na wana hoja nyingine nzuri, kwamba bila sheria wenye nyumba na pensheni wangepiga kura na vibarua wa shifti wangebaki kazini. Hiyo naikubali. Ninachokikataa ni kudhani kwamba asiyekwenda hana la kusema.

Sisi tunajua kususia ni nini. Machi 2016 chama cha upinzani CUF kilisusia marudio ya uchaguzi Zanzibar. Oktoba 2017 Raila Odinga alijiondoa katika marudio ya uchaguzi wa urais Kenya, na waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Uwaunge mkono waliosusia au uwalaumu, ujumbe wao uliufahamu bila mkalimani. Kwa sheria ya Australia, kila mmoja wao angeandikiwa barua ya kujieleza.

Na maelezo ya aina hiyo hayapokelewi. Mwaka 1926 msoshalisti mmoja, Ernest Judd, alijitetea kwamba wagombea wote walikuwa upande wa ubepari, kwa hiyo hakuwa na wa kumpa kura. Mahakama Kuu ilimkatalia. Kesi nyingine ya 1971 iliamua vilevile: kutompenda mgombea yeyote si sababu ya kutosha. Kwa hiyo barua ikija, usiandike "wote ni walewale" ukadhani umejitetea. Kinachopokelewa ni mambo kama ugonjwa, kuwa nje ya nchi siku hiyo, au imani ya dini inayokukataza kupiga kura. Hili la dini limeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Jibu kabla ya tarehe iliyotajwa. Ukiipuuza barua unaweza kufikishwa mahakamani, na huko dola 20 zinaongezeka, pamoja na gharama za kesi. Ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye daftari la wapiga kura, maana barua nyingi hufia kwenye sanduku la nyumba ya zamani.

Sasa chumba cha kura chenyewe, ambako hoja dhidi ya kulazimishana unaiona kwa macho. Unapewa karatasi ya kijani ya mbunge na nyeupe ya seneti, ndefu kama shuka ya mtoto. Ya kijani unaandika namba kwenye kila kisanduku, 1 hadi wa mwisho. Ukiacha wawili watupu kwa kuwa huwajui, kura imeharibika. Ya nyeupe, angalau visanduku 6 vya vyama juu ya mstari au 12 vya wagombea chini yake. Uchaguzi wa jimbo New South Wales unakubali namba 1 peke yake, ndiyo maana watu huchanganya. Katika chaguzi za karibuni, karatasi za kijani zilizoharibika zimekuwa asilimia 5 hivi, na maeneo ya magharibi ya Sydney yenye wahamiaji wengi huwa juu ya hapo.

Mzee mmoja jirani yangu, Mrundi, alinieleza anavyofanya: 1, 2, 3 kutoka juu kushuka chini, anakunja, anatumbukiza, anakwenda kununua soseji. Waaustralia wana jina lake, kura ya punda. Inahesabiwa sawa na ya aliyekesha akisoma sera. Nikamuuliza kwa nini. "Mwanangu, wananitaka niandike namba. Nimeandika."

Kama lugha ndiyo kikwazo, una haki ya kusaidiwa na mtu unayemwamini, na mkalimani wa simu yupo kwa 131 450. Kama msimamo wako ni kutomchagua yeyote, fahamu kwamba kura ni ya siri: jina linakatwa daftarini ukichukua karatasi, na hakuna anayechungulia ulichoandika au ulichoacha wazi. Wengi hutokea mlango huo. Mimi naona ni ushahidi kwamba sheria inahesabu miguu tu.

Walio Ubelgiji nao waangalie. Asiye raia wa Ubelgiji wala wa nchi ya Umoja wa Ulaya anaweza kuomba kuandikishwa kwa uchaguzi wa manispaa akishatimiza miaka mitano ya ukaazi, lakini katika mikoa ya Brussels na Wallonia ukishaandikishwa unalazimika kupiga. Mkoa wa Flanders waliiondoa lazima hiyo kwa chaguzi za mitaa, na Oktoba 2024 walipiga bila kulazimishwa.

Ukisafiri siku ya uchaguzi, tunza kipande cha tiketi ya ndege. Mimi barua ilinikuta nimerudi kutoka mazikoni Mombasa. Nikajaza kwamba siku ile sikuwa nchini, nikaambatanisha nakala ya tiketi, na faini sikudaiwa tena.