Kabla ya kwenda Rungwe kutafuta makangaga ya vikonyo vyeusi

Safari yangu ya kwanza kwenye njia ya Ziwa Ngozi nilirudi Mbeya mjini na picha zaidi ya sitini za makangaga ya jenasi Adiantum, zote nimezipiga kwa juu. Hakuna hata moja iliyonisaidia. Kwa juu yanafanana kama mapacha: kikonyo cheusi kinachong'aa, chembamba kama unywele, na majani madogo laini yenye umbo la upepeo. Kinachoyatofautisha kiko ukingoni na upande wa chini. Kwa hiyo maandalizi yaanzie nyumbani.

Nunua kopo moja la kangaga hili kwa wauza maua wa barabarani. Mara nyingi utapewa Adiantum raddianum, lenye asili ya Amerika ya kitropiki. Limwagie maji uone matone yanavyobingirika na kuliacha jani kavu. Jina Adiantum lenyewe kwa Kigiriki ni "lisilolowa". Kisha chuma jani dogo lisilo na spora (chembe za uzazi za makangaga), liinue dirishani penye mwanga, ufuate mishipa mpaka ukingoni. Kwa raddianum, mshipa huishia kwenye pengo kati ya meno mawili. Kwa Adiantum capillus-veneris, ambalo hupenda miamba inayochuruzika maji, huishia kwenye jino lenyewe. Tofauti ni ndogo mno, ndiyo maana nasema jicho lizoee kwanza ukiwa umekaa kwenye kiti, si ukiwa umechuchumaa kwenye tope huku mvua inakunyeshea kisogoni.

Sasa tafuta jani lenye spora. Ukingo wake hujikunja chini kama pindo la shuka, na spora hukaa ndani ya pindo hilo. Kwa raddianum pindo ni la mviringo au umbo la figo. Kwa capillus-veneris ni refu zaidi. Ndani ya msitu wa mlimani tarajia zaidi Adiantum poiretii. Funua pindo lake taratibu kwa ncha ya sindano: mara nyingi utakuta unga wa njano katikati ya vifuko vya spora. Bila lenzi ya mkono inayokuza mara 10 huo unga hutauona, na simu peke yake itakudanganya.

Yapo mengine mawili ambayo jani lake hugawanyika mara moja tu, kisha ncha yake hurefuka na kuota mizizi ikigusa udongo. Lenye vinyweleo ni incisum, lisilo navyo ni philippense. Haya usiyatafute Septemba, kiangazi hunyauka.

Ndiyo sababu mimi hupendelea Aprili na Mei, masika yanapoelekea ukingoni na spora zimeiva. Utelezi upo, basi vaa gambuti, na sweta usiache. Baridi ya kule haina utani. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na Kitulo, iliyo jirani, ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo fuatilia kibali kabla ya kupanda gari. Kibali cha kuingia si kibali cha kuchuma. Kama huna cha kuchuma, yaache magazeti ya kukaushia majani nyumbani utegemee picha.

Na picha zenyewe zipangie utaratibu mapema, maana msituni utasahau: mmea mzima na mahali ulipoota, kikonyo mpaka kinapoingia ardhini (poiretii hutambaa, shina lake la chini halifanyi kichaka kimoja), jani tasa likiwa kinyume na mwanga, halafu pindo la spora kwa karibu, sarafu ya shilingi 200 ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa. Kangaga changa lisilo na spora andika Adiantum tu kwenye daftari, weka alama ya mahali, urudi baada ya wiki chache.