Kabla hujachomeka plagi: kukagua zana za umeme karakanani Lamu

Hewa ya Lamu ina chumvi, na chumvi haina subira. Hula misumari ya jahazi na bawaba za milango, na hula shaba iliyo ndani ya plagi ya drili yako, mahali usipopaona. Fundi wa huku, awe anachonga milango mjini au anaunda vyombo vya baharini kijijini Matondoni, ana sababu ya ziada ya kuikagua zana kabla ya kuiwasha. Bahati ni kuwa hitilafu nyingi huonekana kwa macho tu.

Zana ikiwa imechomolewa, shika kebo na uipitishe mkononi polepole kuanzia kwenye plagi, ukiikunja kidogo kidogo. Tafuta palipopasuka, palipobonyea, palipoungua, na hasa palipofungwa tepu. Tepu nyeusi huficha kidonda, haikiponyi. Kwenye grenda, uharibifu huanzia pale kebo inapoingia mwilini mwa zana, kwa kuwa hapo ndipo inapokunjwa kutwa. Ukiona waya za rangi zinachungulia hapo, iweke kando hata kama inafanya kazi.

Kisha fungua plagi, kama si ile isiyofunguka, na hapa usiharakishe. Waya wa kahawia huenda kwenye fyuzi, wa bluu upande wa pili, na wa kijani na njano kwenye mguu mrefu, yaani erthi, njia ya kupeleka ardhini stima iliyovuja. Zana za zamani bado zina nyekundu, nyeusi na kijani. Vuta kila waya kidogo. Waya ukicheza, kaza skrubu. Shaba ikishageuka kijani, kata kipande hicho umenye upya. Hakikisha kibano kimeshika ganda la nje la kebo, wala si waya za ndani.

Tazama na fyuzi. Kwa stima yetu ya volti 240, fyuzi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,100, na ya ampea 3 takriban wati 700. Ukikuta karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi, ujue kebo yenyewe ndiyo iliyofanywa fyuzi: itaungua yenyewe, na vumbi la mbao liko chini yake.

Zana yenye mwili wa chuma huhitaji erthi. Mita ya kawaida ya kupimia stima, ikigusishwa mguu wa erthi na chuma cha zana, ionyeshe ukinzani wa karibu omu sifuri. Lakini usiridhike na hilo. Mita hiyo hupitisha mkondo mdogo mno, na hata uzi mmoja wa shaba uliosalia hutoa jibu zuri vilevile. Mwite fundi stima mwenye leseni na kipimo cha volti 500: kwa zana yenye erthi, ukinzani wa kinga ya waya usipungue megaomu 1, yaani omu milioni moja. Zana yenye alama ya mraba ndani ya mraba haina erthi kwa makusudi, na ukinzani wa kinga yake usipungue megaomu 2. Mguu mrefu wa plagi yake ukiwa wa plastiki, si kasoro.

Ekstensheni ikunjuliwe yote, kwani iliyozungushwa kwenye gurudumu hupata joto ikibeba mzigo mkubwa. Kwa kazi za ufuoni, ianzie kwenye swichi inayokata stima ikivuja, ile ya miliampea 30, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kabla ya kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye karakana kutunza mitambo iwe salama, kwa hiyo weka daftari: zana gani, tarehe gani, nani aliikagua. Iliyoharibika ikatwe plagi papo hapo, maana kijana atakayefungua karakana asubuhi hajui ulichokiona jana. Birika la ofisini linaweza kungoja muda mrefu kati ya vipimo. Mashine ya msasa inayofanya kazi mchangani chini ya jahazi isingoje, itazamwe kila siku ya kazi.