Biskuti za chai za kujaza matunda kwa eafraya: vipimo vya Mbeya, Iringa na Njombe

Biskuti ya kujaza matunda huharibikia kwenye sufuria ya jamu kabla haijafika kwenye eafraya, kile kijiko cha umeme kinachooka kwa hewa ya moto inayosukumwa na feni. Jamu ikiwa na maji, hata donge la unga liwe zuri namna gani, biskuti itapasuka ubavuni, jamu itamwagika na kuungua chini ya kikapu, nawe utabaki na ganda lenye tundu. Jamu ikiwa nzito na imepoa, na donge likaingia likiwa baridi, mashine itamaliza kazi yenyewe kwa robo saa. Ndiyo maana maelezo ya jamu na donge hapa ni marefu kuliko ya kubonyeza vitufe.

Kuna jambo la mwinuko ambalo vipimo vingi vya mtandaoni havilihesabu. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia 2,000. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Mvuke ndani ya biskuti unaanza mapema, na gesi ya beking pauda inavimba zaidi kwa sababu hewa inayoikandamiza ni nyepesi. Ukitumia kipimo cha pwani, biskuti inafura haraka, inapasuka, kisha inanywea katikati. Kwa hiyo beking pauda hapa ni kijiko kimoja cha chai, si kimoja na nusu.

Matunda gani

Plamu ndiyo bora kuliko yote kwa kazi hii, na zinapoanza kuingia kwenye masoko ya Mwanjelwa na Soweto jijini Mbeya msimu wa mvua, kuanzia Desemba, bei huwa ya kuridhisha. Zina ukali unaokata utamu wa donge, na maganda yake yana pektini nyingi, kile kinachofanya jamu ishikane. Usizimenye. Toa kokwa tu, katakata, pika na maganda yake.

Mafyulisi yana harufu nzuri lakini pektini yake ni kidogo, na mapeasi ni hivyo hivyo. Ukiyapika peke yake utakaa jikoni muda mrefu na bado jamu itateleza. Dawa ni tufaha moja, hasa lile ambalo halijaiva sana, likwanguliwe na ganda lake ndani ya sufuria. Matufaha ya Makete na Njombe yanafaa kabisa. Ongeza na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau, kwa sababu pektini bila asidi haishiki.

Nje ya msimu, tumia ndizi na pasheni. Ndizi mbivu za Rungwe zinapatikana mwaka mzima, haziachii maji mengi, na pasheni inaleta uchachu ambao ndizi haina. Ponda ndizi tatu za wastani, changanya na maji ya pasheni nne yaliyochujwa na sukari vijiko viwili vya chakula, kisha pika dakika 10 ukikoroga hadi iache pembeni mwa sufuria. Hii ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza, maana ni vigumu kuikosea.

Stroberi mbichi usiziweke ndani ya biskuti. Karibu asilimia 90 ya uzito wake ni maji, na maji hayo yote yataingia kwenye donge ambalo bado halijakauka. Zikiiva kuwa jamu, hazina shida.

Kupika jamu

Chukua gramu 400 za matunda yaliyotolewa kokwa (nunua nusu kilo ili baada ya kutoa kokwa ibaki kiasi hicho), sukari gramu 120, na limau kijiko kimoja kama matunda si makali. Tumia sufuria pana, si ndefu, kwa sababu maji yanatoka kwa juu: upana ukiongezeka muda unapungua. Usifunike. Moto wa wastani, dakika 20 hadi 25.

Mwanzoni utaona povu jepesi lenye mapovu madogo yanayokimbizana. Hiyo bado ni supu. Kadiri maji yanavyoisha, mapovu yanakuwa makubwa na mazito, yanapasuka taratibu na kurusha matone, na maganda ya plamu yanajikunja na kuwa kama nyuzi nyekundu. Hapo shusha moto na usiache mwiko, maana inaungua ndani ya dakika moja. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia ikibaki wazi kwa sekunde mbili au tatu kabla jamu haijarudi, imeiva. Thibitisha kwa kudondoshea kidogo kwenye sahani iliyokaa kwenye friza. Ukiinamisha sahani, tone lisitembee.

Mwenye kipimajoto asisubiri nyuzi 104 zinazotajwa kwenye vitabu vya jamu. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Mbeya jamu inaiva kwenye 98 au 99. Ukiipeleka hadi 104 utapata kitu kigumu kinachonata menoni.

Acha ipoe kabisa, kisha iweke kwenye friji angalau saa moja. Jamu yenye uvuguvugu inayeyusha siagi ya donge hapo hapo unapojaza. Utapata gramu 250 hivi, na biskuti 12 zinatumia 180. Inayobaki ni ya mkate.

Donge

Kwa biskuti 12:

- unga wa ngano gramu 300 (vikombe 2 na robo vya mililita 250, jaza kikombe kwa kijiko bila kushindilia)
- siagi baridi gramu 120 (nusu kikombe)
- sukari gramu 60 (vijiko 5 vya chakula)
- beking pauda kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa
- chumvi nusu kijiko cha chai
- iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, au mdalasini kwa jamu ya matufaha
- yai 1
- maziwa baridi au mtindi vijiko 3 hadi 5 vya chakula
- ute wa njano wa yai moja na kijiko kimoja cha maziwa, kwa kupaka juu

Majarini inafaa mahali pa siagi, lakini soma kwenye kopo. Ile ya kupaka mkate yenye mafuta chini ya asilimia 70 ina maji mengi, na biskuti zitatandaa na kuwa laini kama mkate. Magadi usiongeze. Zaidi ya ladha ya sabuni, yanageuza jamu ya plamu kuwa ya kijani-bluu pale inapogusana na donge, na watu watadhani imeoza.

Changanya vitu vikavu. Siagi ikwangue kwa kikwangulio cha karoti moja kwa moja juu ya unga. Njia hii inafaa hasa Juni na Julai, siagi inapokuwa ngumu kama jiwe. Ifikiche kwa ncha za vidole, si kwa viganja, maana viganja vina joto. Acha pale unapoona vipande vya siagi vya ukubwa wa punje ya mchele bado vipo. Vipande hivyo vikiyeyuka ndani ya eafraya vinaacha nafasi, na nafasi hizo ndizo zinazoifanya biskuti imeguke mdomoni.

Piga yai na vijiko vitatu vya maziwa, mimina, kusanya kwa uma. Kiangazi unga wa nyanda za juu huwa mkavu na utadai kijiko cha nne au cha tano. Masika vitatu vinatosha. Likishikana, liache. Usilikande kama la chapati: ukikanda, gluteni (ule mnato wa unga wa ngano) inajengeka na utapata biskuti ngumu inayovutika. Litakuwa na mikwaruzo mikwaruzo kwa juu, na ndivyo linavyotakiwa. Funga kwenye plastiki, friji dakika 30.

Kujaza

Gawa vipande 12 vya gramu 48 hivi. Kila kimoja kibonyeze kiwe duara la sentimeta 10, kingo nyembamba kuliko katikati. Weka jamu kijiko kimoja cha chakula kisicho na mlima, katikati. Kunja kingo juu, zibane, kisha geuza ili mshono uwe chini na uibonyeze taratibu hadi unene wa sentimeta mbili.

Tazama vizuri hapo kwenye mshono. Tone dogo tu la jamu likigusa ukingo, sukari yake inazuia donge kushikana na donge, na biskuti itafunguka palepale hata kama ulibana kwa nguvu zote. Ukigusa, futa kwa kidole chenye maji, paka unga kidogo, ndipo ubane. Halafu toboa tundu moja juu kwa kijiti cha meno, lifike kwenye jamu. Mvuke usipopewa njia utajitafutia.

Rudisha zote kwenye friza dakika 10 hadi 15. Hatua hii watu wengi huiruka. Feni ya eafraya inasukuma joto kwa nguvu, na donge vuguvugu linatandaa kabla ngozi ya nje haijakauka.

Kuoka

Washa eafraya tupu kwenye nyuzi 160 kwa dakika 4. Usiweke karatasi ya kuokea wakati huu. Karatasi isiyo na kitu juu yake inarushwa na feni hadi kwenye waya wa moto na kuwaka. Iweke pamoja na biskuti, ikatwe ndogo kuliko kikapu ili hewa ipite pembeni.

Kikapu cha lita 4 kinachukua biskuti nne, zikiachana vidole viwili. Ukibananisha sita, zile za katikati zitabaki mbichi ubavuni. Paka yai jembamba, bila kumwagikia pembeni. Oka nyuzi 160 kwa dakika 10 bila kufungua. Kisha zigeuze na uoke dakika 3 nyingine, kwa sababu joto linatoka juu na karatasi inazuia hewa kufika chini. Zikiwa za rangi ya asali juu na kavu chini, toa. Raundi ya pili na ya tatu mashine imeshapata moto, kwa hiyo anza kuangalia dakika moja mapema.

Mashine hazilingani. Ikiwa juu panakuwa kahawia nzito huku ndani kuna unga mbichi, tatizo ni joto kubwa: shusha hadi 150 na uongeze dakika tatu. Biskuti ikiwa imeiva ila imepauka, ulisahau yai au umeme ulikuwa mdogo. Na umeme mdogo jioni si jambo geni. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, waya wa moto unapoteza karibu robo ya nguvu yake, hata kama namba kwenye kioo bado inasema 160. Siku hiyo pasha mashine dakika 7 badala ya 4.

Kwa wanaohesabu uniti za LUKU: eafraya ya wati 1,500 ikifanya kazi dakika 13 haizidi theluthi moja ya uniti. Raundi tatu pamoja na kupasha hazizidi uniti moja na robo. Ichomeke ukutani moja kwa moja. Ukiiweka kwenye ekstensheni moja na birika la umeme la wati 2,000, mnafika ampea 15 kwenye plagi ya ampea 13, na waya mwembamba wa ekstensheni utaanza kunuka.

Ziweke kwenye wavu, si kwenye sahani, ambapo mvuke unarudi chini na kulowesha ganda. Subiri dakika 15 kabla ya kumpa mtoto. Ganda linapoa upesi kwenye baridi ya Mbeya, lakini jamu ya ndani bado inaunguza ulimi.

Kutunza

Kwenye chombo kinachofunga vizuri zinakaa siku mbili nje ya friji, siku tano ndani ya friji. Kuzipasha, eafraya nyuzi 150 kwa dakika 3, maikrowevu inazilegeza.

Kwa nyumba yenye watoto wanaoondoka alfajiri, ni afadhali kuoka nusu na kugandisha nusu zikiwa mbichi. Zipange kwenye trei bila kugusana hadi zigande, ndipo uzitie mfukoni pamoja. Zinadumu mwezi mmoja. Asubuhi usiziyeyushe, kwa sababu zikiyeyuka jamu inatoa maji na donge linalowa. Paka yai zikiwa barafu, oka nyuzi 150 kwa dakika 17, geuza baada ya dakika 13. Tundu la kijiti huwa limeziba kwa kuganda, kwa hiyo lizibue tena kabla ya kuziingiza.