Kabla ya IFRS 18 Kuanza: Mambo ya Kuzingatia kwa Kampuni za Nyanda za Juu Kusini

Kiwango kipya cha kimataifa cha uwasilishaji wa taarifa za fedha, IFRS 18, kilitolewa Aprili 2024 na kinahusu miaka ya hesabu inayoanza tarehe 1 Januari 2027 au baadaye, kikichukua nafasi ya kiwango cha zamani, IAS 1. Faida halisi ya mwaka haitaongezeka wala kupungua kwa sababu yake. Kinachobadilika ni mahali ambapo kila pato na kila gharama vinaonekana.

Jambo la kwanza ni kujua kama kampuni yenu inahusika. Anayetumia kiwango cha kampuni ndogo na za kati habanwi na IFRS 18, ingawa naye ana toleo la tatu la kiwango chake, linaloanza tarehe hiyo hiyo.

Kwa anayehusika, kalenda ndiyo inayodanganya. Hesabu za 2027 lazima ziambatane na za 2026 zilizopangwa upya kwa mtindo huo huo, kwa hiyo miamala ya 2026 ndiyo inayotakiwa kurekodiwa kwa namna itakayoruhusu kuipanga. Kampuni inayofunga hesabu Juni 30 ina muda mrefu kidogo wa kujiandaa, kwani mwaka wake wa kulinganisha huanza Julai 1, 2026. Kumwachia mkaguzi kazi hii mwishoni ni kosa, kwa maoni yangu, kwa sababu mkaguzi hakagui vizuri mpangilio alioutengeneza mwenyewe.

Mapato na gharama sasa vitagawanywa katika mafungu ya uendeshaji, uwekezaji na ugharimiaji (yaani gharama za fedha zilizokopwa), mbali na kodi ya mapato na shughuli zilizositishwa, na jumla ya faida ya uendeshaji itakuwa ya lazima. Riba ya amana benki, kwa kampuni isiyo ya kifedha, huingia kwenye uwekezaji. Riba ya mkopo huingia kwenye ugharimiaji. Taasisi ya mikopo midogo iliyoko Mbeya ina kanuni tofauti, kwa kuwa kukopesha ndiyo biashara yake kuu, na riba inayopata kwa wateja hubaki kwenye uendeshaji.

Ugumu mkubwa, hasa kwa wauzaji wa chai wa Mufindi na wa parachichi wa Njombe, uko kwenye tofauti za kubadilisha fedha, yaani faida au hasara inayotokana na kupanda na kushuka kwa thamani ya shilingi. Kampuni nyingi huziweka zote katika akaunti moja. Kiwango kipya kinataka tofauti ifuate kitu kilichoizaa: deni la mteja wa nje linalodaiwa kwa dola hupeleka tofauti yake kwenye uendeshaji, ilhali mkopo wa dola ulionunulia mashine za kiwandani hupeleka yake kwenye ugharimiaji. Zikishachanganywa mwaka mzima, kuzitenganisha kunamlazimu mhasibu kurudia ankara moja moja, na ndiyo maana orodha ya akaunti inapaswa kugawanywa mapema, pamoja na kuwaeleza wanaoingiza miamala kwenye mfumo sababu ya mgawanyo huo.

Wenye mashamba wasichanganye mambo mawili. Michai yenyewe tangu 2016 huhesabiwa kama mali ya kudumu na hushushwa thamani, na IFRS 18 haigusi hilo. Mabadiliko ya thamani ya majani mabichi yaliyo shambani, au ya misindano ya kupasuliwa mbao, yataonekana ndani ya faida ya uendeshaji. Mwaka ambao bei ya mbao imeshuka, faida hiyo itayumba.

Hapo ndipo mikataba ya mikopo inapohitaji kusomwa upya. Benki iliyoweka sharti linalopimwa kwa faida ya uendeshaji huenda iliielewa kwa tafsiri yenu ya zamani, nayo sasa imewekewa maana moja kwa wote. Ni vyema kukokotoa sharti hilo kwa hesabu za 2025 chini ya mpangilio mpya, kisha kuzungumza na benki kabla ya kulivunja, na makubaliano yawekwe kwa maandishi.

Kuhusu vipimo vya utendaji ambavyo uongozi huvitangaza kwa umma, mathalani faida kabla ya riba, kodi na uchakavu iliyorekebishwa kwa namna ya kampuni yenyewe, vitahitaji maelezo ndani ya hesabu yanayovilinganisha na jumla rasmi, na vitakaguliwa. Asiyetangaza chochote hana kazi hapo.

Mwisho ni taarifa ya mtiririko wa fedha: kwa wanaotumia njia isiyo ya moja kwa moja, ile inayoanza na faida na kuirekebisha hadi kufikia fedha taslimu, sasa itaanzia kwenye faida ya uendeshaji, na kwa kampuni zisizo za kifedha hiari ya kuchagua mahali pa riba iliyolipwa imeondolewa.