Somo: Kutoka mwendo wa taratibu hadi chemko

Ukiwa umenuna, mtu akikuwekea singeli, muziki ule wa kasi, utamchukia yeye na singeli yake. Wengi hukosea hapo: moyo uko chini, wao wanaanzia juu. Zilipendwa za dansi hazifanyi hivyo. Sikiliza bendi kama Mlimani Park, au Msondo Ngoma walioanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Mwimbaji analalamika kwanza, taratibu, beti baada ya beti. Kisha magitaa yanabadilika, tarumbeta zinajibu, chemko linaanza. Wakongo wanaliita sebene. Tufuate mwendo huohuo.

1. Chagua nyimbo nne. Wa kwanza ufanane na hali yako, hata kama ni wa kilio. Wa mwisho uwe wa kukutoa jasho.

2. Wimbo wa kwanza, kaa tu. Fuata besi. Machozi yakija, yaache.

3. Wa pili, imba. Hapa ndipo penye kazi. Ukiimba unavuta pumzi upesi na kuitoa polepole, mstari mzima kwa pumzi moja, na pumzi ikitoka polepole mapigo ya moyo nayo hutulia. Sauti mbaya haina neno. Mimi huimba nikikuna nazi, na nazi haijawahi kulalamika.

4. Wa tatu, simama kabla ya chemko. Anza na mabega, halafu kiuno, miguu mwisho. Kioo kigeuzie ukutani.

5. Wa nne, lisakate chemko.

Maswali

– Shikamoo mwalimu. Nimepanga chumba, ukuta mmoja na jirani. Nitaimbaje?

Marahaba mwanangu. Imba ukifua. Nani humshangaa mtu anayeimba akifua? Usiku, vumisha mdomo ukiwa umefumba. Pumzi ni ileile.

– Goti langu bovu, dada. Niache hatua ya nne?

Usiache, kaka. Cheza kitini, kwa mabega na mikono. Kwenye taarab asilia watu hukaa vitini wakapata raha yao, anainuka anayekwenda kumtunza mwimbaji.

– Wiki ya tatu sasa silali, chakula hakipiti, na muziki sitaki hata kuusikia.

Pole sana mdogo wangu. Weka nyimbo pembeni. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya, umweleze daktari maneno hayohayo uliyoniandikia, usipunguze hata moja. Na usiku wa leo usilale peke yako. Mwite ndugu au rafiki aje mlale wote.