SOMO: HW100 KT, kuitunza na kuirekebisha (soma kabla ya kunifuata inboksi)

Wakuu, nimechoka. Wiki hii peke yake watu wanne wamenifuata na swali lile lile: "Kaka, nimenunua HW100, skrubu ya kuongeza nguvu iko wapi?" Nashusha uzi huu. Kuanzia leo atakayeuliza nitamrushia kiungo, basi.

Kwa asiyeijua: ni bunduki ya upepo ya Weihrauch, inatengenezwa Mellrichstadt, Ujerumani. Inajazwa hewa kwenye mtungi ulio chini ya mtutu, magazini inabeba risasi 14. K ni karabini, yaani ile fupi. T ni kitako chenye tundu la kidole gumba. Bei yake ni ya kuugua, lakini ukiishika tu unaelewa pesa imekwenda wapi.

Niko England, sheria ninazozitaja ni za hapa na Wales: uwe na miaka 18, na nguvu isizidi futi-paundi 12, yaani jouli 16.27. Wa Scotland, tangu 31 Desemba 2016 mnahitaji cheti cha polisi hata kwa hizi hizi. Ireland Kaskazini pia cheti.

1. Kununua. Unakwenda dukani mwenyewe, kitambulisho mkononi. Ukinunua iliyotumika, ruka moja kwa moja hadi namba 6 kabla hujafurahi.

2. Kujaza. Mwisho shinikizo la baa 200. Fungua taratibu vali ya mtungi mkubwa, ule unaojazia bunduki. Ukiijaza haraka hewa inapata joto, geji inakudanganya, ikipoa unakuta imeshuka. Wa pampu ya mkono, pumzikeni kila baada ya pampu hamsini hivi na mtoe unyevu. Maji ndani ya mtungi hayana rafiki.

3. Kulainisha. Grisi ya silikoni, kidogo, kwenye oringi tu, zile pete za mpira zinazozuia hewa isivuje. Mafuta ya cherehani hapana, ya baiskeli hapana, yale ya kopo la kupuliza hapana. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche, inawasha mafuta kwa kuibana hewa mpaka ipate moto. Hewa yenye shinikizo kubwa ikikuta mafuta ya namna hiyo ndani ya bunduki yako inaweza kufanya kazi ile ile, na uso wako uko sentimita chache kutoka hapo.

4. Mtutu. Vuta vitambaa toka nyuma kwenda mbele mpaka vitoke safi, kisha piga risasi 40 au 50 kabla ya kulalamika kwamba hailengi.

5. Darubini. Usiikaze kwa macho. Tundika timazi, ile ile ya fundi mwashi, mita 20 mbele. Weka pimamaji mgongoni mwa bunduki, kisha zungusha darubini mpaka mstari wake wa wima ulale juu ya uzi. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kama nati za tairi.

6. Kupima nguvu. Hapa ndipo nilipoharibu.

Yangu niliinunua mkononi kwa mtu. Kile kizuizi kinachofunika skrubu ya nguvu kilikuwa kimeshatolewa, sijui na nani, nami nikaona bahati. Jioni moja nikawa na kipima mwendo nilichoazima na kopo moja la risasi nyepesi, za kampuni ya JSB, gramu 0.547 kila moja. Zikasoma mita 222 kwa sekunde. Nikasema mbona mnyonge huyu? Nikampa skrubu robo mzunguko. Mita 239. Nikapiga hesabu: uzito kwa gramu, mara mwendo, mara mwendo tena, gawa kwa 2000. Jouli 15.6. Chini ya mstari, nikalala usingizi mzuri.

Jumamosi nikaenda uwanjani kwetu. Mzee mmoja wa pale, fundi wa reli mstaafu, akanipa risasi zake nzito nijaribu, gramu 0.670. Zikalenga vizuri mno. Akaniuliza, "Umezipima?" Nikamwambia bunduki nimeshaipima. Hakujibu. Akaenda kwenye gari, akarudi na kipima mwendo chake, akakiweka mezani mbele yangu. Risasi ya kwanza 222. Ya pili 222. Alikuwa na kikokotoo cha zamani chenye vitufe vikubwa, akakisogeza kwangu bila neno: jouli 16.5.

Kwa lugha nyingine, usiku ule nilipolala usingizi mzuri nilikuwa na silaha ya moto chumbani bila cheti. Kosa hilo ni kifungo hadi miaka 5, na hakuna hakimu atakayekuuliza ulitumia kopo gani. Tulishusha skrubu pale pale mezani mpaka nzito ikasoma 216, jouli 15.6. Mikono ilikuwa inanitetemeka mpaka yeye ndiye aliyeshika ufunguo.

Kwa hiyo:
- Pima kwa risasi nyepesi NA nzito, kumi kumi kila aina. Inayotoa nguvu kubwa kuliko zote ndiyo nguvu ya bunduki yako.
- Usiparamie mstari. Acha nafasi. Hali ya hewa inabadilika, na vipima mwendo viwili havisemi sawa.
- Kizuizi kikiwepo, kiache. Kikiwa kimetolewa, peleka bunduki kwa fundi mwenye leseni aipime na afunge kizuizi.
- Nguvu zaidi haikupi shabaha. Risasi kumi ambazo mwendo wake unapishana mita 2 au 3 tu kwa sekunde ndizo zinazokupa shabaha.

7. Kuchagua risasi. Nunua makopo manne tofauti, piga makundi ya tano tano mita 30 siku isiyo na upepo. Mtutu ndio unaochagua, si wewe wala jamaa wa video.

8. Kulenga. Sifuri, yaani umbali ambao risasi inaingia pale pale darubini inapoelekeza, weka mita 30. Kisha piga kila mita 5 na uandike kwenye karatasi. Utashangaa mita 8 risasi inaingia chini, kwa sababu darubini iko juu ya mtutu.

9. Kifyatulio. Kilivyotoka kiwandani kinatosha. Kiache.

—

MASWALI

Chuma_Chakavu: Mkuu somo zuri. Ila mimi nataka ifike 20 tu, niko shambani kwa mtu, hakuna anayeona.
Jibu: Omba cheti polisi, kisha nunua iliyotengenezwa kwa nguvu hiyo. Soma namba 6.

Chuma_Chakavu: Nimesoma, nauliza skrubu inazunguka upande gani.
Jibu: Hukusoma.

Binti wa Pangani: Shikamoo kaka. Mimi ni mpya, nina swali la kitoto. Risasi nzito inakwenda polepole, sasa nguvu zaidi inatoka wapi?
Jibu: Marahaba dada. Swali la kitoto si hili. Hewa inatoka kwenye vali na kuisukuma risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Nzito inachelewa kutoka, kwa hiyo inasukumwa muda mrefu zaidi na hewa kidogo inapotea bure mdomoni. Nyepesi imeshaondoka, hewa inafuata nyuma ikipiga kelele tu. Ukishika bunduki ya springi mara nyingi mambo yanageuka, nyepesi ndiyo inatoa nguvu kubwa, maana pistoni inapiga mara moja kwa kasi na imemaliza. Ndiyo maana mtu aliyezoea springi akihamia kwenye hizi anapima kwa nyepesi na kudhani kamaliza. Mimi nilitoka kwenye springi.

Binti wa Pangani: Ahsante sana, sasa nimeelewa. Na ile risasi ya kwanza asubuhi, mbona mwendo wake hauendani na zinazofuata?
Jibu: Ndani kuna regyuleta, ndugu yake yule wa mtungi wa gesi ya jikoni. Kazi yake ni kuipa vali shinikizo lile lile kila mara. Kiti chake kikiwa na uchafu au kimechakaa, hewa inapenya usiku kucha, asubuhi vali imebanwa kuliko kawaida. Piga moja, pumzisha saa nzima, piga nyingine, andika. Tofauti ikiwa kubwa, fundi. Usifungue mwenyewe kitu chenye baa 200.

Mla_Pweza: Nimepiga, risasi imetoka na mwenzake! Karatasi ina matundu mawili. Bunduki mbovu?
Jibu: Ulivuta mkono wa pembeni mara mbili. Kila ukivuta, magazini inazunguka na risasi inasukumwa ndani. Ukisahau kama umeshapakia, elekeza kwenye udongo, piga, anza upya. Usikisie.

Mzee Kificho: Kijana, mwakani narudi Tanga. Naweza kuitia kwenye sanduku niwafukuzie kunguru?
Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Usiitie sandukuni hata kidogo. Kwa forodha na kwa shirika la ndege hiyo ni silaha. Kibali cha polisi kwanza, tiketi baadaye. Kwa kunguru, kombeo.

Mzee Kificho: Kombeo nilikuwa bingwa. Haya.

Fundi Saruji: Mimi si mtu wa bunduki, nimekuja kwa sababu ya neno timazi, nimecheka sana. Ila kaka, ukiitundika nje uzi utayumba kwa upepo.
Jibu: Unayumba kweli. Nilisubiri dakika ishirini utulie, nikaamua kuotea.

Fundi Saruji: Weka ndoo ya maji chini yake, jiwe lizame ndani bila kugusa kitako wala ubavu wa ndoo. Linatulia hapo hapo.
Jibu: Miaka mitatu nahangaika na hili. Narekebisha namba 5 sasa hivi.